Abushiri, mashamba ya miwa na swali la bibi yangu: kwanini tunawasafisha mashujaa wetu?

Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Wakuu habari za jioni. Hili jambo ninalo kifuani miaka mingi, ila wiki iliyopita mwanangu karudi na daftari la historia, kaandika kwa mwandiko mzuri kabisa "Abushiri bin Salim alikuwa shujaa aliyepigania uhuru wa watu wa pwani", na mwalimu kamwekea vema kubwa nyekundu. Nikasema leo lazima niandike, tujadiliane kiungwana.

Mimi kwetu Pangani. Nilipokuwa darasa la sita shule yetu ilicheza igizo la Vita vya Abushiri, na kwa kuwa nilikuwa mrefu na sauti yangu inafika mbali nikapewa nafasi ya Abushiri mwenyewe. Mjomba alinichongea jambia la mbao, nikafungwa kilemba, nikasimama mbele ya wazazi nikasema maneno makali mpaka watu wakapiga vigelegele. Mwisho wa igizo nikanyongwa. Wamama walilia machozi ya kweli kabisa. Bibi yangu alikuwa kwenye benchi la mbele na hakupiga hata kofi moja, alitulia tu kashika ukingo wa kanga yake.

Usiku tunakula akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mjukuu wangu, na lile shamba lako la miwa, miwa alikuwa anakata nani?"

Sikumwelewa. Kwenye igizo hapakuwa na shamba lolote la miwa.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Bibi yake bibi aliletwa pwani akiwa mtoto, kutoka huko bara kwenye ziwa, akapita Kilwa, akaishia Pangani kwenye mashamba ya miwa ya mto juu. Kwetu hili halisemwi. Ukiuliza kabila unajibiwa "sisi watu wa hapahapa" na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki. Kuna maneno wazee walikuwa wanayajua, mzalia (mtumwa aliyezaliwa hapahapa pwani), mjakazi (mtumwa wa kike), muungwana (mtu huru), na yalikuwa yanaamua nani anaoa wapi na nani anakaa safu gani kwenye shughuli. Hayo yote yameishi mpaka kwenye maisha ya bibi yangu, sio hadithi za kale.

Sasa Abushiri alikuwa nani? Mwarabu wa kabila la Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani, sukari yake inasafirishwa Unguja. Na mashamba ya sukari ya Pangani miaka ile yaliendeshwa na watumwa, hapo hakuna cha kubishana. Kazi ya miwa ni kazi mbaya wakuu. Majani yanachana mikono kama wembe, ukishakata lazima ikamuliwe haraka kabla haijachacha, alafu kuna kukesha kwenye moto wa kuchemshia. Watumwa walikimbia mashamba hayo makundi kwa makundi wakaenda kujijengea vijiji vyao vya watoro, na wenye mashamba wakawa wanapigana nao. Hiyo ni kabla Mjerumani hajakanyaga Pangani.

Alafu ikaja 1888. Sultani Khalifa bin Said alikuwa amesaini mkataba mwezi Aprili kuwapa kampuni ya Wajerumani usimamizi wa pwani na ushuru wa forodha kwa miaka 50, na Agosti wakaja kuchukua. Pangani akaletwa Emil von Zelewski, watu wakamwita Nyundo. Akang'ang'ania bendera ya kampuni ipandishwe, wanamaji wa kijerumani wakashuka, wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa, na ilikuwa siku za Idd el Hajj. Mji ukawaka. Na sikilizeni hapa, walioanza sio Abushiri. Walioanza ni watu wa mji na watu wa mashamba ya jirani, Wazigua, Wabondei, waliokuja mjini na silaha zao, wakamzingira Nyundo ndani ya nyumba mpaka jenerali wa Sultani, Mwingereza Lloyd Mathews, akaja kumwokoa mwezi Septemba. Abushiri aliingia kwenye moto ambao tayari unawaka akawa kiongozi, na aliuongoza kweli. Alikuwa hodari, alikuwa na akili ya vita, na Wajerumani walimwogopa. Disemba 15, 1889 wakamnyonga Pangani.

Sikatai ushujaa wake kwenye hilo. Ninachouliza ni hiki, ilikuwaje yule mwenye shamba akafutika kabisa akabaki mwenye jambia tu? Nani alimfuta, na kwa faida ya nani? Mimi jibu langu ni kwamba shujaa hatumchagui kwa matendo yake, tunamchagua kwa adui yake. Ukipigana na adui yetu mkubwa basi dhambi zako zote zinasamehewa, na wale uliowatenda wanaambiwa wanyamaze kwa heshima ya taifa.

Karibuni wakuu.

Mzalendo Halisi

Mkuu nakuheshimu lakini hapa unawabebea maji Wazungu. Hiyo hoja ya "Abushiri alikuwa mfanyabiashara wa utumwa" ndio hiyohiyo Bismarck, kansela wa Ujerumani, alitumia. Waliita vita ile uasi wa Waarabu ili ionekane ni Waarabu wachache wanatetea biashara ya watumwa, wakati wewe mwenyewe umesema ni mji mzima uliamka. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2 kwa jina la kukomesha utumwa, kamanda wao Wissmann akaja na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri na wengine wa kutoka Msumbiji, akachoma miji ya pwani. Jiulize, baada ya kushinda waliukomesha huo utumwa? HAWAKUUKOMESHA. Kwahiyo ukiirudia hoja yao 2024 unamfanyia kazi nani?

Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Ndugu yangu hapo umesema kweli tupu na nashukuru umeileta. Wajerumani walisema uongo. Walikaa hapa tangu 1890 na utumwa ukawa halali chini ya bendera yao, mpaka 1904 ndio wakatamka kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru, maana yake mama anabaki mtumwa mtoto ndio huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922 na ilikuja na Mwingereza. Bibi yangu alikuwa ameshazaliwa.

Lakini angalia mtego tulioingia. Kwa sababu Mzungu aliutumia utumwa kama kisingizio cha kutuvamia, sisi tukaona tukiutaja tu tunampa Mzungu haki. Basi yule mtumwa kaumizwa mara tatu. Kwanza na bwana wake. Pili na Mjerumani aliyekuja kwa jina lake alafu akamwacha kwenye jembe lilelile. Tatu na sisi, ambao tumeona kilio chake kinaharibu hadithi yetu nzuri. Mimi sitaki kumpa Mjerumani hata nukta moja. Nataka bibi yake bibi apewe mstari mmoja kwenye daftari la mwanangu, basi.

Mwana Usangu

Nimesoma huu uzi nikiwa kwenye basi nikapitisha kituo. Wacha niseme la kwetu ambalo siku zote nikilisema naonekana msaliti.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kila Mtanzania anajua vita vya Lugalo, Agosti 17, 1891, na wengi wanaposikia Lugalo wanawaza hospitali na kambi ya Dar bila kujua jina limetoka wapi. Mkwawa aliivunja safu ya Wajerumani siku ile, wakafa Wajerumani 10 na askari zaidi ya 200, na kamanda wao aliyeuawa pale unajua ni nani? Ni huyohuyo Zelewski, Nyundo wa Pangani. Ila hao askari zaidi ya 200 walikuwa Waafrika na hatuwahesabu, tunahesabu wale 10.

Sasa sisi Wasangu. Kwenye kitabu cha shule mtawala wetu Merere anaandikwa "kibaraka aliyeshirikiana na Wajerumani". Ni kweli alishirikiana. Lakini hawaandiki kwamba kabla ya Mjerumani, Wahehe walikuwa wametutoa kwetu Utengule, wazee wetu wakaishi ukimbizini milimani huko Mbeya, na aliposhirikiana na Mjerumani ndio tukarudi nyumbani. Mzee wangu alikuwa anasema, "Mjerumani tulimjua jana, Mhehe tulimjua tangu babu." Wabena na Wagogo nao wana yao. Mkwawa alikuwa mtawala wa kushambulia majirani na kuchukua ng'ombe na watu, na himaya yake ndivyo ilivyojengwa, na ya baba yake Munyigumba vilevile. Nikisema hivi sio kwamba simheshimu, mtu aliyejipiga risasi 1898 ili asikamatwe akiwa hai, baada ya kuwindwa porini miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ianguke, huyo huwezi kumdharau. Ila mtoto wa Kisangu anasimama darasani kujibu swali ambalo jibu lake linasema babu yake alikuwa msaliti. Hilo linauma wakuu, linauma kweli.

Bint Shangani

Asalaam aleykum. Mtoa mada hoja yako ya adui nakuunga mkono na nakupa ushahidi wa kwetu. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Nyumba yake ipo Shangani, Unguja, mpaka leo, mlango wake watalii wanaupiga picha kila siku. Alikuwa na watumwa, na Abushiri alikuwa na watumwa. Alikuwa hodari wa safari na vita, na Abushiri hivyohivyo. Tena Tippu Tip katuachia maisha yake kwa Kiswahili, kayasimulia mwenyewe, Abushiri hakutuachia. Mbona hakuna shule inayoigiza Tippu Tip kama shujaa?

Ni kwa sababu 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, huko Stanley Falls, Kongo. Alisaidiana na Wazungu, akafa kitandani kwake 1905, mzee, tajiri. Angekataa, akapigana na Wabelgiji, akanyongwa mahali fulani Kongo, nakuapia leo angekuwa na mtaa, na hao watumwa wake tungeambiwa "ilikuwa desturi ya wakati ule".

Na kifo kinaingia humo. Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani haohao, alikuwa bado yuko vitani mwaka mpya wa 1890 wakati Abushiri yuko kaburini, akaja kujisalimisha Aprili na hakunyongwa. Nani anamjua leo nje ya Saadani? Kitanzi ndicho kinachomsafisha mtu. Watu wakiona mwenzao kafa vile, mdomo wa kumsema unakuwa mzito, na mimi naona huo ni utu, sio ujinga. Shida inaanza pale utu wa matangani unapogeuzwa kuwa somo la mtihani.

Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Dada yangu hiyo ya matanga umenifungua macho. Kwetu pia maiti hasemwi. Nilikuwa sijaunganisha.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimefundisha historia miaka 34 na hayo mnayoyalalamikia mengine nimeyafundisha mimi, kwahiyo naomba niwaeleze yalitoka wapi, sio kujitetea.

Mnapaswa kuielewa miaka ya 60. Tulizaliwa tukifundishwa historia ya wafalme wa Uingereza. Kwenye vitabu vya mkoloni Mwafrika alikuwa anaonekana kwenye historia pale tu anapogunduliwa. Uhuru ukaja 1961, nchi ina makabila zaidi ya 120, wengine walikuwa wanapigana miaka 70 tu nyuma, na Mwalimu Nyerere anatakiwa aijenge iwe moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata profesa wake wa kwanza wa historia, Terence Ranger, 1963, na wao pale wakaanza kuandika kwamba upinzani wa zamani dhidi ya wakoloni na harakati za uhuru ni mnyororo mmoja. Yaani Abushiri, Mkwawa, Maji Maji, TANU, wote mto mmoja. Mjue ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani, maana sikuwahi kuambiwa kwamba watu wangu waliwahi kufanya kitu.

Lakini mnyororo ukitaka ushikane lazima kila pingili ifanane. Hapo ndipo shamba la miwa lilipotolewa. Halikutolewa na mtu mbaya aliyekaa gizani akapanga kudanganya, lilitolewa kidogokidogo. Mtaala unakata, mwandishi wa kitabu anafupisha, mwalimu mwenye wanafunzi 90 anaandika ubaoni "sababu, matukio, matokeo", na mtihani unauliza "taja viongozi wanne waliopinga wakoloni". Wanne! Huwezi kutaja kundi la watu kwenye mtihani. Huwezi kuandika "watu wa Pangani, Wazigua na Wabondei wenye hasira" kwenye nafasi ya jina moja. Kwahiyo mtu mmoja anabeba vita vya watu elfu kadhaa, na akishabeba vya wote lazima awe mkubwa na msafi kuliko binadamu.

Na tusidhani ni sisi peke yetu, wala kwamba ni wazalendo tu. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles 1919, kifungu cha 246, na lilirudishwa Kalenga 1954 na Gavana Twining, Mwingereza, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadae akawa Spika wetu. Mkoloni mwenyewe alijua thamani ya shujaa. Alitaka Wahehe wawe upande wake.

Mzalendo Halisi

Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa. Ila naomba nikuulize wewe na mtoa mada, mimi nina vijana wawili nyumbani, leo wanashinda kwenye simu wanaangalia mashujaa wa Kimarekani. Nikiwavunjia Abushiri, nikawavunjia Mkwawa, nawapa nini badala yake? Nyumba ukibomoa lazima uwe na mahali pa kulala usiku huohuo.

Mwana Usangu

Mkuu hata mimi nakuelewa hofu yako, lakini mtoto wangu mimi tayari analala nje ya hiyo nyumba yako. Hakuwahi kuingia.

Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Mzalendo swali lako ni zuri kuliko langu. Nimelitafakari tangu jana.

Kwanza sitaki kumvunja Abushiri. Nataka arudishiwe ukubwa wake wa kweli, na ukubwa wa kweli una kila kitu. Aliwateka Hans Meyer na Oscar Baumann akawaachia kwa fidia, na huyo Meyer mwaka uliofuata akapanda Kilimanjaro. Huyohuyo alipobanwa na Wissmann 1889 akaenda kuleta wapiganaji wa Mafiti kutoka kusini, na Mafiti wakachoma vijiji vya Wazaramo na kupora chakula chao, Wazaramo ambao hawakuwa na kosa lolote. Mwisho alikamatwa na mwenyeji wa bara, jumbe, akakabidhiwa kwa Wajerumani, na kwenye igizo letu yule jumbe alizomewa mpaka mtoto aliyemwigiza akalia. Hakuna aliyeuliza watu wa vijiji vile walikuwa wamekula nini mwezi huo. Mimi naona mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kubeba hayo yote pamoja. Watoto wa kijijini wanaona baba mkali ndiye aliyeuza ng'ombe wawasomeshe, wanajua mtu ana pande, sisi watu wazima ndio tunaowaficha.

Pili, wa kuwapa tunao. Wale watoro. Fikiria mtu kaletwa miezi kwa miguu kutoka ziwani, hajui lugha, hana ndugu, kakatwa mikono na majani ya miwa, alafu usiku mmoja anaamka na wenzake wanapita msituni wanakwenda kujenga kijiji na wanakilinda kwa silaha. Hao hawakuwa na Mjerumani wa kupigana naye, walipigana na bwana wa shamba, ndio maana hawamo kitabuni. Adui yao hakuwa adui wa taifa. Majina yao hatuna. Hakuna mtaa, hakuna kambi, hakuna chuo. Mimi nikisikia "aliyepigania uhuru wa watu wa pwani" hao ndio wanaonijia kichwani.

Bint Shangani

Kaka, na bibi yako, yeye alikuwa anamwonaje Abushiri? Hukutuambia.

Mtoto wa Ng'ambo ya Mto

Dada yangu, bibi nilimuuliza nikiwa nimemaliza form four, mwaka mmoja kabla hajafariki. Nilitegemea atamlaani. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuacha kuchambua. Akasema, siku ile wanamnyonga, bibi yake alikuwa pale mjini, alitumwa kupeleka maji. Watu walikuwa wanalia na yeye alilia pamoja nao. Nikamuuliza sasa alilia nini, mtu kama yule? Akaninyooshea chenga moja iliyovunjika katikati, akaitoa, akasema, "Alilia kwa kuwa aliona Mzungu anaweza kumfunga bwana shingo. Akajua basi na sisi hatuna pa kukimbilia tena."

Hiyo sijawahi kuiandika popote mpaka leo. Kesho nakaa na mwanangu na daftari lake, vema ya mwalimu siifuti, ila chini yake kuna nafasi ya mistari mitatu.